Mume Wangu Ananiita Niende Nakuru, Lakini Udongo Wangu Uko Kakamega

Shangazi,

Pokea salamu kutoka kaunti ya Kakamega, huku kati ya Ilesi na Shinyalu. Nimesoma majibu yako kwa wengine kwa muda mrefu, na sasa nimeona hata mimi niandike.

Nina miaka 34 na watoto watatu. Wawili wako shule ya msingi, mdogo bado yuko nyumbani. Mimi si mzaliwa wa hapa. Nilikulia mjini Eldoret, na kabla ya kuolewa udongo niliojua ni ule wa kupanda sukumawiki. Nilipoletwa kwenye boma hili nikamkuta mama mkwe ni mfinyanzi. Hakuwahi kuniambia njoo nikufundishe. Alinituma tu. Mara nimletee udongo kutoka bondeni, mara nitwange vigae vya vyungu vilivyovunjika, nivichekeche, nivichanganye na udongo mbichi ili chungu kisipasuke kikikauka. Baadaye nikajikuta nimekaa kando yake nikipanga pindi za udongo moja juu ya nyingine na kuukuza ukuta wa chungu kwa vidole. Gurudumu hatuna. Tunasugua kwa vijiwe laini vya mtoni, nakshi tunaviringisha kamba ya nyasi, na kuchoma ni hapo uwanjani kwa magome, matawi makavu na samadi iliyokauka.

Vyungu vya mama mkwe ni vya kazi: vya kupikia mboga za kienyeji, mitungi ya maji, na siku hizi vya maua, maana ndivyo wanavyosimamia watu wenye magari kwenye barabara ya Kisumu. Nami nilianza hivyo hivyo. Lakini msitu uko karibu, na mambo ya msitu yakaanza kuingia kwenye udongo wangu bila mimi kupanga. Nikaweka mikia ya mbega kuwa mishikio. Nikachora mizizi ya mikuyu ikikumbatia tumbo la chungu. Halafu kuna hondohondo, yule ndege wa mdomo mkubwa. Niliwatazama dume na jike kwenye tundu la mti mrefu. Dume alikuwa anabeba matope, na jike akiwa ndani anajizibia mlango mpaka ukabaki ufa mwembamba wa kupitishia mdomo. Dume akawa anamlisha matunda kupitia ule ufa. Nilirudi nyumbani nikafinyanga chungu kilichofungwa juu, chenye ufa mmoja tu na ncha ya mdomo ikichungulia. Mama mkwe alikigeuza mikononi, akaniuliza, “Chungu kisicho na mdomo ni cha nini?” Sikuwa na jibu. Lakini mwanamke mmoja mwenye duka Kisumu alikinunua, akaagiza vingine, na tangu hapo karo ya watoto naichangia mimi pia.

Sasa shida yangu. Mume wangu ni fundi wa umeme Nakuru. Huja nyumbani mwisho wa mwezi, akikosa anaruka mpaka mwezi ule mwingine. Ni mtu mzuri, hanywi, hela anatuma. Ndiye aliyenijengea kibanda cha mabati cha kukaushia vyungu. Pasaka alisema amechoka kulala peke yake na kula hotelini, na kwamba kuanzia Januari anataka mimi na watoto tuhamie kwake. Nikamuuliza, na kazi yangu? Akanijibu, “Udongo uko kila mahali.”

Shangazi, neno hilo lilinikata. Nilimtembelea likizo ya Agosti. Nyumba ni vyumba viwili ghorofa ya pili, uani ni kamba za nguo za watu wa ploti nzima. Nilishika mchanga wa pale. Ni kama majivu, ukiukamata mkononi unavunjika. Usiku ni pikipiki na redio za majirani. Nilikaa juma lile sikupata hata wazo moja la kufinyanga, nikaogopa.

Mama mkwe ana zaidi ya miaka 70 na mikono imeanza kutetemeka. Binti zake wote waliolewa mbali na hakuna aliyeshika kazi hii. Nikiondoka, inaisha. Tangu asikie habari ya Nakuru amenyamaza kabisa. Dada yangu ananiambia mwanamke hukaa na mumewe, vyungu si watoto. Rafiki zangu wafinyanzi wananiambia nikiondoka nitarudi nikiwa sina mikono.

Je, nikikataa nitakuwa mke mbaya? Nikienda, nitabaki kuwa mimi?

Mfinyanzi, Kakamega

*

Mwanangu,

Asante kwa barua yako. Ngoja niirudie kwa maneno yangu uone kama nimekuelewa. Mumeo anataka mkae pamoja Nakuru kuanzia Januari. Wewe umepata ukubwani kazi ambayo hukuzaliwa nayo, imekujia kupitia mikono ya mama mkwe na inalishwa na msitu, nawe unaona kwamba ukihama itakufa. Ukibaki, unahofia ndoa. Na kati yenu wawili ameketi mama mzee ambaye hajasema neno.

Umeyafunga haya yote fundo moja, Kakamega au Nakuru. Mimi nasoma humo hofu zisizofanana. Ipo ya kukosa udongo na mahali pa kuchomea, na hiyo ni hesabu ya usafiri, nafasi na pesa. Ipo ya kuuacha msitu unaokupa mawazo. Halafu ipo hii ya kwamba ujuzi wa mama utakatikia mikononi mwako. Dawa ya moja haiponyi nyingine, ndiyo maana kila unapofikiria Nakuru zinakurukia zote kwa pamoja na unashindwa kupumua.

Nianze na lile neno la mumeo, kwa sababu naona bado linauma. Udongo uko kila mahali. Kama ni hoja ya ufinyanzi, hana ukweli, nawe uliligundua kwa kiganja chako. Udongo wa kufinyanga ni ule laini sana uliotulizwa na maji mabondeni kwa miaka mingi. Ndio unaonata na kukubali kuvutwa. Nakuru imekaa chini ya Menengai, mlima wa volkano, na sehemu kubwa ya ardhi yake imetokana na majivu na mawe mepesi ya volkano hiyo. Hata ule udongo mweupe wa Kariandusi, karibu na Gilgil, ambao watu huuonyesha wakisema “si huu hapa,” ni mabaki ya viumbe vidogo mno vya majini. Unafaa kuchujia na kazi nyingine za viwandani, lakini hautakusimamishia chungu. Kwa hiyo hukukosea kuogopa.

Lakini sina hakika alikuwa anazungumzia ufinyanzi. Mtu huyo huyo ndiye aliyepanda juu akapigilia mabati ili vyungu vyako visipate jua kali wala mvua. Inawezekana alimaanisha usihofu, tutapata njia. Inawezekana pia kweli anaona ni kazi ya kupitisha wakati hadi atakapokuita. Mimi siwezi kujua kutoka hapa, na wewe umeandika kana kwamba tayari unajua. Amewahi kuwa nyumbani siku ya kuchoma? Amekuona ukitoa kwenye majivu chungu ulichokisugua kwa siku kadhaa kikiwa kimepasuka, na kingine kikiwa kizima na mabaka ya moshi ambayo usingeweza kuyachora hata ungetaka? Anajua ni kiasi gani cha karo kinatoka hapo? Wanaume wanaofanya kazi mbali huja nyumbani wakakuta kazi imesimama kwa heshima yao; chai inachemshwa, kuku anakamatwa, udongo unafunikwa kwa gunia mpaka aondoke. Kama ndivyo mnavyoishi, basi hajawahi kukutana na mfinyanzi aliyemwoa.

Na kuna maneno yake mengine uliyoyaandika haraka ukapita. Amesema amechoka kulala peke yake. Mume anayesema hivyo kwa mkewe, badala ya kutafuta wa kumwondolea upweke huko huko, amekuja na moyo wazi. Ulimjibu kwa swali la kazi, naye akakujibu kwa neno la udongo. Nadhani siku ile kila mmoja aliondoka akiona mwenzake hakumsikia. Nasema nadhani, wewe ndiye uliyekuwepo.

Sasa mama mkwe. Umeusoma unyamavu wake kuwa ni huzuni, au lawama. Huenda ni kweli. Lakini fikiria njia iliyomleta hapo alipo. Kwa majirani zetu Waluo imekuwa kawaida mwanamke kujifunza ufinyanzi baada ya kuolewa, kwa mama mkwe au kwa mke mwenza, akikuta bomani kazi ambayo kwao haikuwepo. Wewe ulifika hivyo hivyo. Mama je, aliipata kwa mama yake mzazi au naye aliletwa akiwa bi harusi asiyejua kitu? Muulize. Kama naye alifundishwa ugenini, yeye kuliko mtu yeyote anajua mkono unabeba nini ukihama na unaacha nini. Na huenda kunyamaza kwake ni adabu tu ya mzee asiyetaka kusimama kati ya mwanawe na mkewe.

Hapa niseme jambo ambalo huenda lisikupendeze. Umejibebesha peke yako mzigo wa ujuzi huo usife, na ninaamini kabisa kwamba ni mzito. Ila Ilesi ni nchi ya wafinyanzi. Wanawake wamepanga vyungu kando ya barabara ile, karibu na lile jiwe linalolia, mwamba mkubwa unaotiririkwa na maji, na hawatakoma siku utakayopanda matatu. Kitakachopotea ni kitu kidogo zaidi na cha thamani kwenu: namna yake yeye ya kuchanganya, sehemu ya bonde anayoichagua, jinsi anavyojua kwa kugonga tu kwamba chungu kimekauka ndani. Hayo yanaweza kukaliwa chini na kushikwa miezi hii kabla ya Januari, uhame usihame, kwa sababu mikono inayotetemeka haisubiri uamuzi wenu. Binti yeyote wa jirani anayependa kuchezea udongo anaweza kukaa nanyi. Hatalipwa mwanzoni, wala wewe hukulipwa.

Nimekiacha chungu cha hondohondo, na hicho ndicho nimekifikiria sana kuliko kingine chochote katika barua yako. Uliona sawasawa. Hondohondo jike hujifungia ndani ya tundu kwa matope na kinyesi, dume akimletea vitu, na hukaa humo akimtegemea dume kwa kila tonge hadi kinda akue. Ni ndege mfinyanzi. Umechagua kumfinyanga yeye, na umechagua kuonyesha mlango ukiwa umeshazibwa. Sitaki kujifanya najua kwa nini. Nakuuliza tu: ulipokifinyanga ulikuwa upande gani wa ule ukuta? Ukifikiria vyumba viwili ghorofa ya pili, unajiona umefungiwa ukilishwa kwa ufa? Au kufungiwa kwako ni huko bomani, na mwenye kuruka ni yeye? Au hakuna kufungiwa kokote, ni mahali pa salama pa kulelea? Jibu lolote kati ya haya litakuambia zaidi kuliko mimi, na ningekuwa wewe ningemweleza mumeo habari ya chungu hicho kabla ya kumweleza habari ya Januari.

Kuhusu kama utabaki na mawazo ukiwa mbali na msitu. Mkenya anayejulikana zaidi duniani kwa vyungu, Magdalene Odundo, alizaliwa Nairobi mwaka 1950 akahamia Uingereza mwaka 1971. Kufinyanga kwa mkono alikukuta Nigeria, huko Abuja ya zamani, ambayo sasa huitwa Suleja, akiwatazama wanawake wa Kigwari wakiinua vyungu kwa mikono kama mnavyofanya nyinyi. Ameishi Uingereza miaka mingi na bado hatumii gurudumu. Hujenga kwa mkono, husugua hadi king'ae, na rangi yake nyeusi huipata kwa moto na moshi. Kwa hiyo umbali haukaushi mkono wa kila mtu. Lakini sitakupa mfano huo na kukuacha hapo. Yeye amekuwa na karakana na tanuri, na wewe Nakuru ungekuwa na kamba za nguo za majirani. Na kuna watu ambao kazi yao haitoki kwenye kumbukumbu. Lazima waone leo ili wafinyange kesho. Wewe ni yupi? Juma moja la Agosti, ukiwa mgeni, watoto wakiwa na fujo ya ugeni na moyo tayari umekataa, sidhani lilitosha kukujibu. Nakuru nako kuna migunga ya manjano kando ya ziwa, na heroe wanaokuja na kuondoka kadiri maji yanavyopanda na kushuka. Sisemi heroe atajaza nafasi ya hondohondo. Nasema hukumtazama.

Ukifikiria kwenda, hesabu ya kwanza si udongo, ni moto. Udongo unasafiri. Ukikaushwa kabisa unapungua uzito, unabondwa, unatiwa kwenye gunia, lori linalorudi upande wa Nakuru linaubeba, na huko unaloweshwa upya na kukandwa. Moto ndio mgumu. Hakuna mwenye nyumba atakayekubali samadi na magome viwake chini ya madirisha ya wapangaji wake, na majirani wana haki ya kulalamikia moshi. Ungetafuta taasisi yenye tanuri ikuchomee kwa malipo, au ungefinyanga vitu vidogo Nakuru, ndege na mbega wa kushikika mkononi, ukavifungia kwenye nyasi na nguo kuukuu ukavirudisha Kakamega kuchomwa. Chungu kikavu kisichochomwa huvunjika kwa tuta moja la barabarani, hilo unalijua. Pia mnaweza kuulizia nyumba yenye kiwanja upande wa Lanet, Bahati au Njoro. Kiwanja kinakupa nafasi ya kibanda na pengine ya moto, lakini nauli ya mumeo ya kila siku inapanda, na nyumba ya mbali na mji inaweza kukuongezea upweke ule unaouogopa.

Ukifikiria kubaki, nakuomba usikuite ushindi. Ndoa ya mwisho wa mwezi hudumu ikiwa wote wawili wameikubali. Mmoja akiwa ameshasema amechoka, kila mwisho wa mwezi unaopita una kitu unachokula. Watoto nao wanakua wakimjua baba kwa simu. Baadhi ya wanandoa hugeuza safari, mke akawa ndiye anayesafiri nusu ya mara, na hilo peke yake humwonyesha mume kwamba si yeye tu anayelipa gharama. Nyumbani atabaki nani na watoto, ikiwa mama mikono inatetemeka? Hilo sikuliona barua nzima.

Na ipo njia ya kugawa mwaka. Huku kwenu mvua haikosekani sana mwezi wowote, ila Desemba hadi Februari hupungua, ndio wakati mzuri wa kukausha na kuchoma, na likizo ndefu ya shule inaangukia mwanzo wake. Ungeweza kuishi Nakuru muhula wa shule ukifinyanga kidogo na kuchora sana, kisha likizo ukarudi bomani kwa kazi nzito. Inaonekana nzuri kwenye karatasi. Kwa kweli inachosha, inagharimu nauli ya watu wanne, na yule mwenye duka wa Kisumu lazima akubali kupata mzigo mara moja au mbili kwa mwaka badala ya kila mwezi. Mpigie umuulize kabla hujaihesabu. Kuwahamisha watoto shule nako si jambo la kujaribu na kurudisha. Mkienda Januari, waende kwa mwaka mzima.

Umeniuliza kama utakuwa mke mbaya. Dada yako ameshakujibu, na wafinyanzi wenzako wamekujibu, kila mmoja kwa upande wake, na hakuna kati yao atakayelala kwenye kitanda hicho wala kukaa kwenye kibanda hicho. Naona mwanamke anayechangia karo kwa mikono yake, anayemheshimu mama wa mumewe, na ambaye hata akiwa na hasira ameandika kwamba mumewe ni mtu mzuri. Sioni mke mbaya humo, wala simwoni mume mbaya.

Bado mna miezi kabla ya Januari. Mwombe aje siku ya kuchoma, si mwisho wa mwezi wa kawaida, na asije kama mgeni. Abebe magome, akae hadi majivu yapoe. Mzungumze jioni hiyo. Na ukitaka kujua kama udongo wenu unastahimili safari, ukifika wakati wa yeye kurudi mpe gunia moja tu, lililokaushwa na kubondwa vizuri, pamoja na kopo la vigae vilivyochekechwa. Utakapomtembelea tena utaukuta huko, uuloweshe na uone mikono yako itafanya nini.

Wako,
Shangazi